Corolla 110 iliyoendelea kuungua ufunguo ukiwa mkononi

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, iliingia nchini ikiwa used na tangu ifike imeshapita mikono ya watu kadhaa. Mwenye nayo sasa ni dada mmoja mwalimu, anaitumia kwenda kazini na kurudi, hana mziki mkubwa, hana taa za urembo, hana mbwembwe zozote. Ililetwa kwangu ikiwa inakokotwa na brekidauni, rangi ya boneti imebabuka upande wa nyuma karibu na kioo, kila kona imejaa unga mweupe wa mtungi wa kuzimia moto, na njiani huko watu walikuwa wameshampa sababu zao. Mmoja kamwambia injini ilichemsha. Mwingine kasema petroli ilivuja. Wa tatu, ambaye naye ni fundi, kamwambia "hiyo shoti tu dada, gari za zamani ndo zilivyo". Hilo la tatu ndo lililonikera kuliko yote, maana lina ukweli nusu afu linafunga mjadala. Gari ikitengenezwa kwa maelezo ya namna hiyo inarudi barabarani na ugonjwa wake ule ule.

Mi ni fundi umeme wa magari hapa Dar, na nakiandika hiki kisa mwanzo mwisho kwa sababu nyaya zilizoungua zilikuwa zinaeleza zenyewe kilichotokea, ilitakiwa tu mtu azisome bila haraka.

Nilianza kwa kumuuliza siku zilizotangulia gari ilikuwaje. Watu hulipita hili, wanakimbilia kufungua boneti, wakati mara nyingi gari huwa imeshalalamika kabla. Akaniambia kwa muda kidogo redio ilikuwa inajizima na kuwaka yenyewe, saa yake inarudi mwanzo, na akipita kwenye matuta taa kubwa zinafifia afu zinarudi. Akapeleka kwa fundi mmoja, betri ikapimwa, akaambiwa imechoka, akanunua mpya. Dalili zikatulia kidogo, zikarudi, na safari hii akawa anasikia harufu ya plastiki inayoungua ndani ya gari, hasa akiwa amefunga vioo, inakuja na kuondoka.

Tulia hapo kidogo. Redio inayopoteza saa maana yake ule waya wake wa kumbukumbu, ambao una umeme hata gari ikiwa imezimwa, umekosa umeme japo kwa nukta. Betri iliyochoka hufanya hivyo wakati unapiga stata. Haifanyi hivyo gari ikiwa inatembea na altaneta inachaji volti 14 kama kawaida. Sasa kama gari inatembea, altaneta nzima, na volti zinaporomoka kila ikirushwa na tuta, basi kuna kitu kinavuta umeme mwingi mno kwa muda mfupi mno, kinagusa na kuachia. Na betri mpya hapo ilizidisha hatari, maana betri mpya ina nguvu zaidi ya kusukuma umeme kwenye hiyo shoti. Ukichanganya na harufu ya plastiki, hiyo gari haikutakiwa kulala na betri ikiwa imefungwa, siku ile ile.

Siku ya tukio ilikuwa jioni, anatoka Mbezi kuja mjini, maeneo ya Kimara, foleni inasogea kidogo kidogo. Anasema alishuka kwenye kitu kama shimo, gari ikadunda, na hapo hapo taa zote zikafifia, dashibodi ikawasha taa nyekundu, na moshi wa kijivu ukaanza kutoka chini ya dashibodi upande wa abiria. Moshi wenye ukali, unachoma pua na macho. Huo ni moshi wa plastiki ya waya, ambayo ikiungua inatoa gesi ya asidi, kwa hiyo usikae ndani unautafuta unatokea wapi, pumzi chache tu zinatosha kukulegeza.

Akafanya vizuri. Alipeleka gari pembeni, akazima injini, akachomoa ufunguo, akatoka na pochi yake, akasogea mbali. Na hapa ndipo kisa chenyewe kinapoanza kuwa na maana, kwa sababu moshi haukukata. Ufunguo uko mkononi, injini iko kimya, na moshi unazidi, mpaka akaona mwanga wa moto kwenye ule uwazi kati ya boneti na kioo.

Watu wakajaa. Kijana mmoja kwa nia njema kabisa akavuta lachi, akainua boneti yote juu, na moto ambao ulikuwa umebanwa bila hewa ukapanda ghafla, ukababua rangi na kumkosakosa usoni. Mtungi wa gari ya dada ulikuwepo, ila kwenye buti, chini ya tairi la spea na maboksi ya madaftari ya wanafunzi, yani mpaka uutoe moto umeshafanya kazi yake. Aliyeokoa ni konda wa daladala aliyeruka na mtungi wa gari lao, akapuliza chini kwenye chanzo, moto ukalala. Watu wakashangilia. Muda si mrefu moshi ukaanza tena pale pale na ndimi za moto zikarudi, mtungi ukiwa umeshabaki upepo tu. Hapo dereva wa ile daladala akaja na spana namba 10, akafunika mkono na kitambaa, akafungua waya wa negativu kwenye betri, akauchomoa na kuukunja pembeni. Moshi ukakata. Wakamwagia maji yaliyobaki kwenye madumu kupoza, na zimamoto ambao mtu alikuwa ameshawapigia 114 wakakuta moto umekwisha, wakakagua na kuwatawanya watu.

Nikimsikiliza mpaka hapo nilikuwa na uhakika na mambo mawili kabla sijagusa gari. Moja, chanzo ni umeme, maana taa zilififia kabla moto haujaonekana. Moto wa petroli hauanzi kwa kufifisha taa. Mbili, umeme wenyewe unatoka kwenye waya ambao haupiti kwenye swichi ya ufunguo. Watu wengi wanaamini ukizima gari umekata umeme wote, na si kweli hata kidogo. Kuna nyaya zina umeme saa 24: altaneta, stata, taa za hazadi, honi, kumbukumbu ya redio, alamu, na kila kitu ambacho mtu kakifunga moja kwa moja kwenye betri. Ufunguo unakata sehemu tu. Ndo maana gari inaweza kuungua imepaki na mwenyewe amelala. Marekani jambo hili liliwahi kuwa kubwa: kampuni ya Ford iliita zirudi kurekebishwa gari zaidi ya milioni 14 kwa awamu, kuanzia 1999 hadi 2009, kwa sababu ya kiswichi kidogo cha kuzima mfumo wa kushikilia mwendo, kilichofungwa kwenye mfumo wa breki. Oili ya breki ilikuwa inapenya ndani, na kwa kuwa kiswichi kile kwenye gari nyingi kilikuwa na umeme muda wote, gari zilikuwa zinawaka moto zikiwa zimepaki nyumbani, zimezimwa. Kidude kidogo kabisa, ila kina umeme usiolala.

Haya, kufungua boneti. Kwanza nikaondoa hizo sababu nyingine, maana si vizuri kusema ni umeme kwa kuwa tu wewe ni fundi umeme. Rejeta ina maji, paipu zake nzima, mshale wa joto dada anasema ulikuwa katikati kama siku zote, kwa hiyo hakuna kuchemsha. Gasketi ya juu ilikuwa inavujisha oili kidogo lakini ile oili ilikuwepo pale pale, kavu na vumbi lake, haijaungua. Paipu za petroli zilikuwa zimebabuka kwa nje upande mmoja, ila hazijatoboka, na hii ni bahati kubwa sana, kwa sababu gari ya sindano, yani isiyotumia kabureta, ukiizima pampu inasimama lakini presha inabaki kwenye paipu, na kama lile paipu lingetoboka basi mtungi wa konda usingefaa kitu.

Nikaenda kwenye betri. Kwenye pozitivu ya Corolla hii kuna waya mnene wa stata na waya unaoingia kwenye boksi la fyuzi. Basi. Hapa palikuwa na waya wa tatu, mnene kama penseli, umefungwa kwa nati juu ya ile klampu. Ganda lake lilikuwa jekundu zamani, sasa limekuwa jeusi, limevimba na kupasuka kwa urefu, na ukilishika linateleza juu ya shaba kama limeachia. Hiyo ndo alama ya waya uliochemka kutoka ndani. Waya ulioungua kwa moto wa nje ganda lake linaungua juu na linabaki limeshika shaba ya ndani. Ule uliopitishiwa umeme kupita uwezo wake, shaba ndo inachemka kwanza, ganda linalegea kutoka ndani kuja nje.

Nikaufuata kwa mkono. Unapita nyuma ya injini, unaingia kwenye tundu la ule ukuta wa bati unaotenga injini na ndani ya gari, tundu lililotobolewa na drili, halina raba. Bati tupu lenye ncha. Na pale kwenye ukingo wa bati, shaba ilikuwa imeyeyuka na kuganda kitone laini cha mviringo, kimeng'ang'ania bati kabisa, ilibidi nikichonge na bisibisi ndo kiachie. Shaba inayeyuka kwenye joto la nyuzi 1085. Moto wa plastiki na sufi ya kuzuia sauti pale nyuma haukuwa mkubwa wa kufika huko, na hata ungefika ungeyeyusha kipande kirefu, chenye mipaka isiyoeleweka. Kitone kimoja kidogo, na sentimita chache pembeni yake nyuzi za shaba nzima kabisa, hiyo ni cheche ya umeme.

Ila kilichonimalizia kesi kilikuwa upande wa pili wa lile tundu. Nikainua kapeti. Waya ule ule, kuanzia ukutani kwenda nyuma kwenye buti, ulikuwa mwekundu safi, hauna hata mkwaruzo. Nusu imeungua kabisa, nusu mpya. Hii maana yake umeme ulikuwa unatoka betri, unafika kwenye bati, unarudi betri kupitia bodi. Haukuwa na sababu ya kwenda mbele. Nikaufuata mpaka mwisho, kwenye buti, pembeni ya taa ya nyuma, nikakuta umekatwa na koleo, ncha imezungushiwa insuleti tepu na kusukumiziwa ndani, na nusu mita kabla ya ncha kuna kikopo cha fyuzi, fyuzi ya ampea 60, nzima kabisa.

Kwa hiyo hadithi iko hivi. Mmoja wa wenye gari wa zamani alifunga wufa na amplifaya. Fundi wake akavuta waya kutoka betri mpaka buti, akaweka fyuzi kule kule kwenye buti karibu na amplifaya, akaona kazi imekwisha. Jamaa alipouza gari akatoa mziki wake, akakata waya, akauacha ukiwa bado umefungwa kwenye betri. Dada amenunua gari yenye waya wa umeme unaopita gari nzima, haulishi kitu chochote, na hakuna mtu aliyemwambia upo. Miaka inaenda, injini inatetemeka, waya unasuguana na ncha ya bati, ganda linakwisha kidogo kidogo, shaba inaanza kugusa bati kwenye matuta. Hizo ndo zile taa zinazofifia. Mpaka siku ya Kimara ilipodunda ikagusa vizuri, ikajichomelea kwenye bati, na haikuachia tena.

Sasa hili la fyuzi ningependa lieleweke vizuri maana naliona kila siku, na mafundi wa mziki wengi bado wanalifanya. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Amplifaya huwa ina fyuzi zake yenyewe ubavuni, haihitaji nyingine ya kuilinda. Fyuzi unayoweka kwenye waya inalinda kile kipande cha waya kinachoanzia kwenye fyuzi kwenda mbele, na kile kilicho kati ya fyuzi na betri hakina mlinzi. Fundi yule aliweka fyuzi mwisho wa safari, kwa hiyo mita zote za waya, ikiwemo pale penye hatari kuliko kote yani tundu la bati, zilikuwa kati ya betri na fyuzi, uchi. Fyuzi ile ingekuwa sentimita 20 au 30 kutoka kwenye betri, siku ile waya unagusa bati mara ya kwanza ingekatika kwa chini ya sekunde na dada hata asingejua kuna kitu kimetokea.

Na usidharau betri kwa kuwa ni volti 12 haikupigi shoti mkononi. Betri hiyo hiyo ndogo ya Corolla ndo inayozungusha stata, inaweza kutoa mamia ya ampea. Chukua ampea 300 kwenye waya wa milimita 8 za mraba: kila mita moja ya waya inatoa joto la karibu wati 200. Ganda la plastiki limetengenezwa kuvumilia nyuzi kama 70 mpaka 105. Haichukui hata dakika. Na ndo sababu unga wa konda uliua moto ila moto ukarudi: unga unazima ndimi, haukati umeme, shaba bado imewiva kwa joto na bado kuna plastiki ya kuungua. Kilichozima ile gari ni spana namba 10.

Wakati nipo kwenye hiyo gari nikafungua na boksi la fyuzi la ndani. Kwenye mfuniko nafasi ya sigara, ambayo watu wote wanachajia simu, imeandikwa 15. Fyuzi ya 15 ni ya bluu. Nikakuta ya kijani, yani 30. Mtu ilikuwa inamkatikia akaona aweke "nzito". Nafasi nyingine ilikuwa na fyuzi iliyokatika, imezungushiwa uzi wa shaba ikarudishwa. Hizi hazikuhusika na moto wa Kimara, lakini zilikuwa kwenye foleni. Waya wa nafasi ya ampea 15 umechaguliwa na kiwanda kubeba ampea 15, ukiweka 30 umemwambia waya abebe umeme mara mbili kabla mtu hajamsaidia. Mara mbili ya umeme ni mara nne ya joto, maana joto linakwenda kwa umeme mara umeme. Vilevile nikakuta viungio vya kusokota kwa mkono nyuma ya redio, tepu imelegea kwa jua la Dar na gundi imetoka inanata vidoleni. Kiungio kibovu kina upinzani, yani kinaubana umeme usipite kirahisi. Upinzani wa ohmu 0.1 tu ukipita ampea 20 unapata wati 40 zimekaa kwenye kipande cha sentimita moja, sawa na chuma cha kuchomea risasi. Kwa hicho kiungio hata fyuzi sahihi haikati, kwa sababu umeme wenyewe haujazidi. Hii aina ya moto ndo mbaya kuigundua, na dalili yake mara nyingi ni plagi iliyobadilika rangi ikawa kahawia au harufu ya samaki, ukiisikia ndani ya gari itafute.

Mtu anaweza kuuliza, si wangepima na mita wakaona gari inavuta umeme ikiwa imezimwa? Nilijiuliza pia. Kipimo hicho ni kizuri, gari nyingi za umri huu zikiwa zimezimwa zinatakiwa kuvuta chini ya miliampea 50. Lakini waya wa dada haukuwa unalisha kitu, siku ambayo haujagusa bati ungesoma sifuri. Ungepimwa gereji, gari imesimama, ukaambiwa gari safi. Waya wa namna hii unapatikana kwa macho tu. Fungua boneti, angalia pozitivu ya betri, kila waya ambao haukutoka kiwandani ufuate kwa mkono mpaka mwisho wake, ujue unalisha nini na fyuzi yake iko wapi. Kama haulishi kitu ung'oe wote, kuanzia kwenye betri. Kukata upande wa mwisho na kuuacha upande wa betri ndo kulikozaa hiki kisa. Kwa gari ya kununua mkononi kwa mtu hii ingekuwa ndo kazi ya kwanza kabla hata ya kubadilisha oili, na haikuhitaji fundi, ni dakika chache na tochi.

Kuhusu kilichofanyika siku ile, naomba nirudie kidogo kwa sababu watu wameshaniuliza sana ingekuwa wao wangefanyaje. Kuzima injini kwanza ni lazima, hata kama ufunguo haukati kila kitu, kwa sababu injini ikiwa inazunguka altaneta nayo inasukuma umeme, na ukichomoa betri injini ikiwa inanguruma moto unaweza kuendelea na altaneta, afu volti zinaruka na kuua kompyuta ya gari. Watu watoke wote, watoto kwanza, mizigo baadaye au isitoke kabisa. Boneti usiiinue yote. Vuta lachi ya ndani kama bado inavuta, ibaki imeachia kidogo, puliza mtungi kwenye ule uwazi, ukielekeza chini. Mtungi wa kilo moja unaisha kwa sekunde kama kumi hivi, kwa hiyo kupuliza ukiwa mbali unapaka gari unga bure. Moto ukilala ndo ufungue boneti kwa tahadhari, na usishangilie, kata betri. Negativu kwanza, si pozitivu. Ukianza na pozitivu spana ikagusa bati umetengeneza shoti nyingine mkononi mwako. Na kama moto umeshashika petroli, au uko karibu na betri kiasi kwamba mkono haufiki, achana nayo, sogea mbali, piga 114. Gari ni bati.

Mtungi ukae pale dereva anapoufikia akiwa amekaa. Kwa dada tumeufunga chini ya siti ya abiria kwa klampu. Trafiki akikusimamisha anataka kuuona tu, haulizi uko wapi, kwa hiyo wengi wanauweka kwenye buti. Pia angalia ile sindano ya presha iwe kwenye kijani, na unga ukikaa sana unaganda chini, uutikise kila unapokumbuka.

Matengenezo yenyewe. Waya wa wufa umetoka wote, tundu tumeliziba kwa raba. Kitita cha nyaya za injini kilichopita pale nyuma kilikuwa kimeshikana kwa joto, nikakataa kukiunga unga, tukatafuta cha used kutoka gari iliyokatwa, plagi zake zote nzima, tukabadilisha kipande chote. Viungio vichache ambavyo havikukwepeka nilichoma risasi, nikavisha mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, nikafunga kamba visicheze. Fyuzi zote zimerudi kwenye namba zilizoandikwa kwenye mfuniko. Ule unga nao usiuache: ukipata unyevu unakula chuma na plagi za umeme, na Dar unyevu haukosekani, kwa hiyo tulinyonya kwanza na vakyumu, tukapuliza kwa kompresa, tukafuta, ndo maji kidogo yakafuata mwishoni. Ukianza na maji unatengeneza uji unaoingia kwenye kila soketi.

Bima yake ilikuwa ile ndogo, inalipa ulichomharibia mwenzako, gari yako mwenyewe ikiungua hailipi kitu, kwa hiyo gharama yote imetoka mfukoni kwake. Hata mwenye bima kubwa ajue kwamba wanaweza kuuliza hizo nyaya za nyongeza alizifunga nani, na hapo ndo mahali pa kuwa na risiti ya fundi na picha.

Sasa hivi gari inatembea. Kilichobaki ni kitita kidogo cha nyaya upande wa ekzosi, ganda lake limekauka kwa joto la miaka yote hiyo, ukilikunja linakatika kama ganda la karanga, ila bado halijafunua shaba. Nimekifunika kwa mrija unaovumilia joto na tumekubaliana tukibadilishe likizo ya shule ikifika akiwa hana haraka na gari. Mpaka hapo nimemwomba asikubali mtu yeyote amfungie kitu kwenye ile betri, hata kamera ya dashibodi, mpaka apite kwangu kwanza nione fyuzi inakaa wapi.